Duka yangu ya vikwembe ilikwama ku mlango wa kulipa

Oda ya kwanza ya saiti yangu iliingia Jumanne saa tatu ya usiku na haikufika mwisho. Mama mmoja wa Kolwezi alipata linki ku status ya dada yake, akachagua kikwembe (kitenge) ya yadi 6, blu na manjano, akajaza jina, akajaza namba ya simu, halafu akanipigia. "Mama, hii kitu yako iko inaniomba namba ya karte. Nitie ile ya uchaguzi?" Alikuwa na karte ya uchaguzi mu mkono, juu kwetu Kongo ile njo kitambulisho ya kila mtu. Nikacheka, nikamwambia hapana mama, ni karte ya banki, Visa. Akanyamaza kidogo. "Ah. Basi acha, siku nitapita Lubumbashi nitaiona." Hakupita.

Ile usiku sikulala vizuri, juu nilikuwa nimeshalipa abonema (malipo ya kutumia saiti) ya mwaka mzima.

Mi nauzisha vikwembe hapa Lubumbashi, Kampemba, ku nyumba. Miaka minne niliuzisha ku WhatsApp peke. Unapiga picha, unaweka ku status, batu wanaandika "bei?", unajibu, wanaandika "bei ya mwisho?", unajibu tena, kesho yake saa 24 zimepita status imekufa na mwingine anaandika "yaya ile ya jana ingali?", jana ipi, nimeweka 17. WhatsApp Business iko na katalogi, unaweza kuingiza mpaka vitu 500, na niliitumia, na hata leo kama mtu ananiuliza anaanza na vitu 20 namwambia baki pale kwanza, usiharibu feza. Mimi ilinichosha juu nilikuwa na bakliya wa Likasi na Kolwezi ambao walitaka kuona vyote kwa mara moja, bei iko wazi, bila kungojea mimi niamke.

Mdogo wangu anasoma chuo kikuu, UNILU, njo alisema yaya tengeneza saiti, siku hizi hauhitaji kujua kodi (maandishi ya kompyuta), unavuta vitu na kidole unaweka. Na ni kweli. Hizi mashine za kutengeneza saiti ziko mingi, zingine unalipa kila mwezi na wao wanashika kila kitu, kama Shopify na Wix, zingine ni programu ya bure unaipandisha ku hostingi yako mwenyewe (kompyuta ya kukodi inayoshika saiti), kama WordPress na WooCommerce, ile inayoongeza duka ndani ya WordPress. Kwa hii tofauti ya kwanza mi sikuelewa kitu, niliona tu ni sawa na kuchagua rangi ya telefone.

Kwa hiyo nilichagua kwa macho. Umeme kwetu ilikuwa inarudi karibu saa tano ya usiku, nilikuwa nakaa na kompyuta ya mdogo wangu, naangalia templeti. Nikapata moja, mwanamke amekaa ku kiti nyeupe, sakoshi pembeni, video inatembea polepole juu ya ukurasa, maandishi madogo mazuri. Nikasema hii njo duka yangu. Kampuni sitaitaja, juu kosa haikuwa yao, kila kitu waliandika ku saiti yao, mimi njo sikusoma. Ukilipa mwaka mzima wanapunguza bei, nikatafuta karte ya Visa ya shemeji yangu, nikalipa. Kisha nikatumia wiki tatu, nasema wiki tatu, kwa rangi na logo. Kijani hii ao kijani ile. Ukurasa wa malipo nilifungua siku ya mwisho.

Pale kwanza wanakuomba inchi. Ku listi kuna Kongo mbili, moja chini ya ingine, mimi nikafinya ya kwanza. Ilikuwa Kongo Brazzaville. Sikuona kitu mpaka mdogo wangu aliuliza juu ya nini saiti inaandika +242 mbele ya namba za batu, sisi ni +243. Nikarudi, nikaweka ya kwetu, na pale ukurasa wa malipo ukabaki karibu mweupe: karte kupitia kampuni ya mbali, ao malipo ya mkono. Hakuna M-Pesa, hakuna Airtel Money, hakuna Orange Money. Yaani kila kitu ambayo batu hapa wanalipia, kuanzia unite za simu mpaka feza ya masomo, haiko. Nikajidanganya, nikasema batu wa vikwembe vya bei wako na karte. Mama wa Kolwezi njo alinijibu.

Baadaye nikasoma, kwa hasira, na nikaelewa mambo ambayo ningejua mbele singelipa. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ambayo njo iko nyuma ya saiti mingi za ulaya na Marekani, haifungui akaunti kwa duka la Kongo. Shopify Payments pia haiko kwetu, na ukiwa ku Shopify ukatumia mlango wa malipo wa kampuni ingine wanakata asilimia 2 juu yake ku mpango wa Basic, mbali na ile abonema. Wix ukiwa ku mpango wa bure hauwezi kupokea malipo kabisa, na anwani yako inabeba jina lao. Haimaanishi ni mbaya. Rafiki yangu anauzishia diaspora ya Ubelgiji, jamaa yake yuko kule na akaunti, wanalipa na karte, kwake Shopify ni kazi safi. Kliya wangu mimi amekaa Kolwezi na telefone ya Airtel.

Kuna kampuni za hapa zinaunganisha saiti na mobile money. Vile inatembea: kliya anaandika namba yake ku saiti, telefone inalia, inamuomba pini, akitia pini jibu inarudi ku saiti yenyewe na oda inajiandika imelipwa. Nzuri sana. Ila wanaomba papye za kuandikisha biashara ku serikali: RCCM, Id. Nat., namba ya impo. Mimi ile wakati nilikuwa mama wa vikwembe wa ku nyumba, papye yangu ilikuwa daftari. Nimeanza kuzitafuta, lakini nilihitaji kuuzisha ile mwezi, siyo mwaka ujao.

Njo nikahamia WordPress na WooCommerce. Hapa pia nilipotea mara moja, juu kuna WordPress mbili. WordPress.com ni huduma, unajiandikisha kwao wanakuwekea kila kitu na unalipa kwa mipango. WordPress.org ni programu yenyewe, bure, unaitia ku hostingi unayolipia mahali ingine. Nilitaka ya pili na nikaanza ku ya kwanza, siku mbili nashangaa kwa nini siioni pahali pa plugini (vipande vya kuongeza kazi ku saiti) vile video ya YouTube inaonyesha. Hostingi nikachukua ndogo, ile ya dola chache kwa mwezi, na angalieni vizuri bei ya mwaka wa pili, juu ile kubwa ya ukurasa wa kwanza ni ya kukukaribisha tu, ya kwangu ilipanda karibu mara mbili. Ndani kulikuwa na cPanel, ukurasa wa kuongozea hostingi, na buto ya kusimika WordPress, unafinya, dakika tano imekwisha. Ilinishangaza kuliko yote.

Jina nikachukua .com juu ilikuwa bei chini. Moyo ulitaka .cd, ile ya kwetu, ilitoka 1997 wakati inchi ilibadilisha jina, mbele yake tulikuwa .zr ya Zaire. Siku moja. Lakini kosa kubwa niliweka alama ya mstari katikati ya maneno mawili, na kila mara namwambia mtu kwa simu naanza: andika hii, weka kamustari, hapana si ya chini, ya katikati, hapana mama ya katikati. Jina la saiti lijaribu kwanza kwa mdomo, mu basi, redio inaimba, mtu akiandika sawa bila kuuliza unachukua.

Ndani ya WooCommerce inchi niliweka vizuri safari hii, nilisoma mara tatu. Franka yetu iko ku listi ya feza, unaweza kuuzisha kwa franka. Niliacha dola juu mzigo nanunua kwa dola, na franka haikai pahali pamoja, 2024 dola moja ilikuwa inazungukia 2,800, kila ikisogea ungerudi kubadilisha bei ya vikwembe 90 kimoja kimoja. Kliya akitaka franka tunahesabu kwa bei ya ile siku ku cambiste, mwenye kubadilisha feza. Saa pia, WordPress iko na Africa/Lubumbashi ku listi yake, ichague hiyo. Mimi nilikuwa nimeacha ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, promosyo yangu ya "mpaka saa sita ya usiku" ikaendelea mpaka saa saba, na mama mmoja akanunua vitatu ndani ya ile saa. Nilimpa, ningefanya nini.

Sasa malipo. WooCommerce inakuja na njia ya "malipo kupitia banki" ambayo kweli haiunganishi na banki yoyote, ni maandishi tu: kliya anafinya, oda inaingia, inasimama "kungojea", na yeye anaona maelezo uliyoandika. Nikafuta neno banki nikaandika: M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Chini nikaweka namba zangu tatu, jina litakalotokea wakati anatuma (hii ni lazima, batu wanaogopa kutuma kwa jina wasilolijua), na kwamba anitumie kodi ya transaksyo (namba ya ule muamala) ku WhatsApp. Nikiona feza imeingia kweli ku telefone yangu, ku telefone YANGU, naingia dashibodi nabadilisha oda iwe "inatengenezwa" na yeye anapata meseji. Nasema telefone yangu juu mwezi wa pili kijana mmoja alinitumia skrinshoti safi kabisa, dola 45, kodi, tarehe, na mtu wa moto, yaani wa pikipiki, alikuwa ameshatoka ku mlango na mfuko. Nikaangalia salio yangu, hakuna. Nikampigia mtu wa moto, bahati alikuwa bado anaweka mafuta.

Njia ya pili nikaacha kulipa wakati wa kupokea, kwa ndani ya mji peke. Ile pia ina mambo. Mtu wa moto alirudi na noti ya dola 20 imepasuka kapembe kadogo, kama ukucha. Hapa nani ataipokea? Niliibeba sokoni wiki mbili, wananirudishia. Mwisho nikaiuzisha kwa cambiste kwa hasara, na toka siku ile ku ukurasa wa kulipa imeandikwa: noti iliyopasuka hatupokei. Bakliya walicheka, walielewa.

Kitu kilichonikula siku mingi ni anwani. Fomu ya kawaida inaomba kodi ya posta (namba ya eneo). Nani Katuba anajua kodi ya posta? Bakliya walikuwa wanaandika 0000, ao namba ya nyumba, mmoja aliandika mwaka wake wa kuzaliwa. Kwetu unaelezea mtu kwa komini, avenyu, namba, na hasa referansi, mbele ya kanisa fulani, nyuma ya depo ya bière. Nikapata plugini ya kubadilisha fomu, nikaiweka, nikafuta kodi ya posta, nikaongeza "referansi", nikafungua saiti: hakuna kilichobadilika. Nikafuta tena. Nikatoa plugini nikarudisha. Siku tatu. Mwisho nikaelewa kwamba WooCommerce za sasa, kuanzia toleo 8.3 la 2023, ukurasa wa kulipa unatengenezwa na bloki (vipande vya kupanga), na plugini yangu ilikuwa inajua ukurasa wa zamani peke. Nikatoa bloki, nikaweka shortkodi ya zamani, kaneno ka kuita ule ukurasa, ile ya woocommerce_checkout, na ghafla kila kitu nilichofanya siku tatu kikatokea pamoja, pamoja na "referansi" mara nne juu niliiongeza kila nilipojaribu.

Usafiri nao. Niliweka bei tofauti: katikati ya mji, komini za Kenya (ya hapa Lubumbashi, siyo inchi) na Kamalondo na Katuba, Ruashi, halafu mfuko wa kupeleka ku basi ya Likasi ao Kolwezi. Na moja ya bure, "nakuja kuchukua mwenyewe". Unajua kilichotokea. Kila mtu alifinya ya bure. Wa Ruashi, wa Golf, hata wa Likasi. Kisha wanapiga simu, "mama, moto atafika saa ngapi?" Niliondoa ile ya bure kabisa. Anayetaka kuja kwangu ananipigia, nampunguzia mwenyewe.

Ile video nzuri na mwanamke wa kiti nyeupe nilikuwa nimemtafutia ndugu yake huku pia, mpaka siku nilifungua duka yangu na telefone ya jirani, Katuba, mega kidogo, tatu G. Tulisimama pale tukiangalia kaduara kanazunguka. Jirani akaniuliza, kwa adabu kabisa, "kwani umefunga leo?" Picha zangu nilikuwa natoa ku telefone moja kwa moja, kila moja mega 4 ao 5, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na 12. Hesabu mwenyewe mega ngapi nilikuwa nawakulia batu kabla hawajaona hata bei. Nikafuta video. Picha nikazipunguza upana pikseli 800, nikazihifadhi kwa WebP, aina ya picha nyepesi, WordPress inaikubali toka 5.8 ya 2021, nyingi zikashuka chini ya kilobaiti 100 na kwa macho ya telefone hauoni tofauti. Mdogo wangu alinifanyia za zamani zote kwa usiku moja, nikamlipa na fufu na samaki.

Halafu picha yenyewe. Usiku chini ya balbu nyeupe, rangi nyekundu inakuwa kama machungwa, na mama anapokea mzigo anasema siyo ile. Sasa napiga asubuhi mbele ya dirisha, bila flashi, picha tatu tu: kikwembe kimekunjuliwa chote, pembeni palipoandikwa jina la kiwanda, na moja niko nimeweka mkono wangu juu ya maua. Ile ya mkono njo inauzisha. Ku skrini hauwezi kujua kama ua ni kubwa kama sahani ao kama kifungo, ukiona mkono unajua. Tangu niweke mkono, "siyo ile" zimepungua mpaka nasahau.

Stoki sijaishinda bado kabisa. Vikwembe vyangu vingi viko kimoja kimoja, na ku WhatsApp bado nauzisha, basi Jumamosi moja niliuzisha kimoja kwa mkono mu sokoni na saiti ikakiuzisha kwa mtu wa Likasi dakika 20 baadaye. Nilirudisha feza na makato ya kutuma nikalipa mimi. Sasa kinachotoka kwanza nakitoa ku telefone palepale, kuna aplikasyo ya WooCommerce, naandika stoki 0 kabla sijapokea hata feza, na kliya wa sokoni ananiangalia anafikiri nachati.

Na buto ya WhatsApp, ambayo kwangu inafanya kazi kuliko buto ya kulipa. Ni linki tu, wa.me kisha namba yako na 243 mbele. Mimi niliandika 243 nikafuata na ile 0 ya mwanzo vile tunavyozoea, ikawa inafungua inasema namba haiko ku WhatsApp. Wiki nzima. Utoe 0, usitie alama ya kujumlisha, usiache nafasi. Na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, chukua telefone ambayo siyo yako, ya mtu ambaye hajui kitu, mpe feza kidogo, umwambie anunue, na wewe funga mdomo. Mi nilifanya hii na mama yangu mzazi na alikwama ku "weka mu kitunga", akaniuliza kitunga ya nini na anataka kimoja tu. Nikabadilisha buto ikawa "Nachukua hii".

Ile abonema ya kwanza iliisha yenyewe mwezi wa tisa, wakanitumia imeli ya kunikumbusha nirudi, na ile picha ya mwanamke wa kiti.

Mama wa Kolwezi alirudi. Nilimwandikia mwenyewe, nikamwambia mama sasa iko Airtel Money, jaribu tena, akajibu na kidole gumba tu, nikasema imeisha hiyo. Alhamisi saa moja ya asubuhi telefone ikalia, oda, yadi 6, ile ile ya blu na manjano, na kodi ya transaksyo imefika mbele sijamaliza kusoma. Pale pa referansi alikuwa ameandika: Kolwezi, ukishuka ku basi uliza mama wa bitumbula, siyo ule wa kwanza, wa pili, mwenye mwavuli nyekundu.